VIZIBO VINANE MLIMANI TIMBOROA

Baba yangu ni dereva wa trela. Ukipanda matatu kutoka Nakuru kwenda Eldoret, mkakwama mlimani Timboroa nyuma ya lori linalojikokota kama kobe, huyo mnayemtukana huenda ndiye anayenilipia karo. Nimewahi kuwa ndani ya matatu kama hiyo. Abiria walipiga kelele, "Ovateki, bwana!" Mimi nilinyamaza tuli kama maji mtungini.

Likizo iliyopita nilitaka kujua leni ya kupitia ingesaidia kiasi gani. Wahandisi hutumia mwigo wa kompyuta. Australia walitengeneza programu iitwayo TRARR, Marekani wakaunda TWOPAS. Humo kila gari hupewa mwendo wake, na kila dereva hupewa ujasiri wake wa kupita au kungoja.

Mimi kompyuta sina. Nilichukua karatasi za grafu na vizibo 8 vya soda. Mraba mmoja ni mita 10, zamu moja ni sekunde 2. Lori la kilomita 18 kwa saa husonga mraba 1. Gari dogo la kilomita 72 husonga miraba 4, ati likipata nafasi! Nyuma ya lori nikapanga magari 7, kila moja miraba 2 nyuma ya mwenzake.

Leni ya miraba 10 ikapitisha magari 3 tu. La nne lilikuwa ubavuni mwa trela leni ilipokwisha. Lahaula! Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea hesabu. Leni ya miraba 20 ikapitisha yote 7, la mwisho chupuchupu. Mita 200 tu za lami!

Kusema kweli vizibo havina woga wala papara, na foleni ya kweli huwa ndefu kuliko yangu. Wamarekani hupendekeza leni ya kilomita 0.8 hadi 3.2, na nafuu yake husikika kilomita 5 hadi 13 mbele.

Baba aliporudi safari nilimwonyesha. Hakuzitazama hesabu. Alikiinua kile kizibo cha nne, akakishika muda mrefu.

"Huyu ndiye ninayemwogopa," akasema. "Leni ikiisha, yeye hurudi kwangu, na breki za trela si za baiskeli. Mwanangu, huo mwisho usiuweke kwenye kona."

Nikachukua kifutio.