Kifuniko cha radiateri: kutoka mlima wa Kabasha hadi uwanja wa ndege wa Colorado

Mwaka 2008, vita vilipofika Rutshuru na Kiwanja, kijana wa miaka 19 alikuwa konvuayeri kwenye kamio iliyobeba familia zilizokimbilia Kanyabayonga. Walipokuwa wakipanda mlima wa Kabasha, motere ikaanza kuchemka. Springi ya kifuniko cha radiateri ilikuwa imekufa zamani, na shofere alikuwa amekikaza kwa kitambaa.

"Fungua, tutie maji," shofere akaamuru.

Kijana akafungua. Mvuke ukamchoma mkono wa kuume mpaka kwenye kiwiko.

Maji ya akiba hayakuwepo. Mama mmoja mwenye watoto watatu akateremsha bidoni yake ya lita 20, maji ya kunywa ya safari nzima. "Chukua, mwanangu. Bora tufike." Maji yakamiminwa yote. Kabla ya kona ya tatu yalikuwa yametoka kama moshi, na motere ikazimika kabisa. Usiku ule watoto walilala kando ya barabara na kiu. Kovu la mkono lilipona. Kilio cha wale watoto hakikumtoka.

Baadaye alipitia kambi ya Nakivale, Uganda, na mwishowe akafika Colorado, Marekani, anakofanya kazi ya ufundi wa magari. Huko mteja mmoja mzee alimkaribisha aone ndege aliyokuwa akiiunda kwa mikono yake. Sheria ya Marekani inaruhusu raia kujiundia ndege, mradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojifunza au kujifurahisha, si kiwanda.

Ndani ya ndege hiyo hamkuwa na motere ya kawaida ya ndege. Mzee alikuwa ameweka 13B ya Mazda, motere ya kuzunguka ya aina iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel. Haina pistoni. Ndani yake vinazunguka vipande viwili vya pembe tatu. Ni nyepesi na ina nguvu, lakini inaogopa joto kupita kiasi. Kati ya sehemu zake zilizopangwa kama sahani kuna mipira ya kuzuia maji. Mipira hiyo ikiungua, moshi wa ndani unaingia kwenye maji na kuyasukuma nje.

Fundi akauliza swali moja tu: "Kifuniko kinashika presha?"

Swali hilo lina maana kubwa kwa watu wa milimani. Kando ya bahari maji huchemka kwa digrii 100. Goma, kwenye urefu wa karibu mita 1,500, huchemka kwa digrii 95 hivi. Ndege ikipanda mita 3,000, ni 90 tu. Kifuniko kizuri kinachoshika bari 1 juu ya hewa ya nje kinabadilisha hesabu: kando ya bahari maji yatafika kama digrii 120 kabla ya kuchemka, Goma 118, na kule juu bado 115. Kifuniko kikichoka, kinga yote inaondoka, na kadiri unavyopanda ndivyo hatari inavyoongezeka.

Mzee alionyesha saa ya joto: sindano ilikuwa mahali pazuri. Fundi hakuridhika. Maji yakipungua, kile kidude kinachopima joto kinaweza kubaki kwenye mvuke au hewa na kusema uongo. Presha ndiyo hutangulia kusema kweli. Ikishuka motere ikiwa moto, maji yanavuja. Ikipanda haraka wakati motere ingali baridi, moshi unaingia ndani.

Siku iliyofuata mzee alikuwa amepanga kuruka mara ya kwanza. Fundi akamwambia, "Baba, kesho usiruke." Wakafunga pampu ya mkono kwenye radiateri, wakajaza presha ya bari 1, wakakaa kimya wakitazama. Baada ya dakika chache sindano ilianza kurudi nyuma. Mpira mmoja wa maji ulikuwa unadondosha tone moja moja mahali pasipoonekana, na mpira wa ndani ya kifuniko ulikuwa umepasuka.

Mzee alinyamaza, kisha akauliza amejuaje. Fundi akakunja mkono wa shati, akamwonyesha kovu, na kumsimulia habari ya bidoni ya yule mama.

Walibadilisha mpira na kifuniko, wakaongeza saa ya presha na taa nyekundu mbele ya rubani. Jaribio la pili, sindano haikutikisika. Ndege iliruka majuma mawili baadaye, mzee akiwa peke yake, maana saa za kwanza za majaribio haziruhusu abiria.

Kwa mashofere wa barabara zetu, ujumbe wake ni mfupi: motere ikichemka, simama, izime, ngoja ipoe kabisa ndipo ufungue. Usimwage maji baridi ndani ya motere ya moto, itapasuka. Na kifuniko kikichoka, nunua kingine kabla ya kupakia watu. Bei yake ni ndogo kuliko bidoni moja ya maji katikati ya Kabasha.