Kuhe wa Kuchoma, Mawese Kando

Hivi jamani, kwa nini sisi watu wa Kigoma tukimwona samaki tunawaza mawese tu? Mawese matamu, sibishi. Lakini kuhe, na ile nyama yake nyeupe, kumzamisha kwenye mawese ni kumwonea!

Mimi humchanja ubavuni, nampaka chumvi na kitunguu saumu, halafu juu ya mkaa uliotulia. Ndimu bado! Ukimlowesha mapema, ule uchachu unakaza nyama kabla ya moto. Akishaiva ndipo namwekea kachumbari: vipande vya chungwa, ndimu, nyanya, kitunguu na pilipili.

Bibi yangu wa Ujiji anasema samaki bila mawese ni chakula cha mgonjwa. Haya, mbona sahani yake inarudi na miba mitupu?

Ila tusimchezee kuhe. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Kuhe dume na jike hulinda watoto wao pamoja. Ukiwanasa wazazi, vitoto vinaliwa na samaki wengine. Sasa mshikaji, ukimpata mmoja, ndiyo umuunguze?