Alimnunia mchumba wiki mbili, daktari akamuuliza kuhusu mama yake

Jamaa mmoja wa Sinza alienda kumchangia damu shangazi yake aliyekuwa anasubiri upasuaji. Alitegemea soda na biskuti aondoke zake. Siku chache baadaye akapigiwa simu arudi: damu imekutwa na homa ya ini B.

Unajua alianza na nani? Mchumba. Saa saba usiku, meseji 14 WhatsApp, "hiki kitu umekitoa wapi?" Binti akalia, asubuhi akaenda kupima: hana. Jamaa akaendelea kununa. Wanaume bwana!

Kliniki akaanza kujitaja mwenyewe: wanawake wawili kabla ya huyu, tatuu aliyochorwa gheto kwa mshikaji, wembe wa kinyozi ambao hakuwahi kuuliza kama ni mpya. Daktari akasema yote yanaweza kuleta, maana kirusi hiki kiko kwenye damu na majimaji ya mwili, na nje ya mwili kinaweza kuishi hata siku 7. Kula sahani moja au kukumbatiana, hapana.

Kisha akauliza: "Mama yako amewahi kupima?"

Jamaa kimya.

Iko hivi. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya 5 kati ya 100 ndio hubaki nacho moja kwa moja. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake, ni karibu 9 kati ya 10. Unakaa nacho miaka 20, 30, unacheza mpira, unakula bata, ini linaumia kimyakimya. Jamaa ni wa 1996, kabla watoto hawajaanza kuchanjwa nchini. Hapo akamkumbuka mjomba wake, tumbo lilijaa maji akafa na miaka 41, ukoo mzima ukasema karogwa.

Mama akapimwa, anacho. Mdogo wake wa kiume naye anacho. Kitinda mimba wa 2006, aliyechanjwa kliniki, yuko safi. Hakuna kipimo kinachotaja tarehe ya kuambukizwa, lakini hapo hata jamaa hakuhitaji kuambiwa.

Mchumba keshachoma sindano mbili za chanjo, imebaki ya tatu. Kusamehe kasema atasamehe, lini hajasema.

Mama yeye aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo ni mimi niliyewapa?"

Jamaa akachukua ndoo akatoka kuteka maji, na bomba la ndani lilikuwa linatoa.