Mazembe ilizaliwa shuleni

Wapenzi wasikilizaji wa Kiambi, na ninyi jamaa mliokimbia vita, juzi mzazi mmoja aliniambia kwamba mpira unaharibu masomo ya watoto. Mimi nilimkumbusha TP Mazembe. Mapadri Wabenedikto waliianzisha Lubumbashi mwaka 1939 kwa vijana wa shule ya Saint-Boniface, kama vile Universidad de Chile ilivyotoka chuo kikuu. Ikachukua kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwaka 2010, kule Abu Dhabi, ikapiga Internacional ya Brazil 2-0, ikafika fainali ya dunia. Basi wazazi, asubuhi watoto waende darasani, wenyeji pamoja na waliokimbia. Jioni tuwaachie mpira wa matambara, wacheze timu moja.