Hita ya Mama na Kidude cha Ampea 13

Washikaji wa Dar mnaosema baridi raha, njooni Njombe mwezi wa 7 tuongee. Huku watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha, wakalala. Ile hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu. Wengine hawaamki. Ndiyo maana mama nimemnunulia hita ya umeme, wati 2,000.

Sasa LUKU! Hita hiyo ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti 2. Nikaenda kusaka themostati, kidude cha kuchomeka kati ya soketi na plagi: unakipangia nyuzi 18, joto likifika kinakata, likishuka kinawasha. Muuzaji akanitolea cha ampea 6, bei poa. Nikamwambia, kaka, wati 2,000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9, unataka kiyeyuke tumelala? Nikachukua cha 13.

Halafu hita yenyewe iwe ya swichi ya kuzungusha. Hizi za vitufe na rimoti (mabishoo mnazipenda) umeme ukikatika na kurudi, nyingi zinakaa kimya mpaka ubonyeze tena. Kidude kinabaki pambo.

Mama kaniuliza, "Mwanangu, chai inachemka hapo?" Jiko nimeliweka uani, mlango nimefunga.