Kerezo la Miti na Kamba

Angalieni mguu wa kiti kilichotengenezwa vizuri. Ni wa mviringo toka juu hata chini. Hapa mnene, pale mwembamba, tena una pete mbili tatu. Fundi hakuuchonga kwa shoka wala kwa randa. Aliukereza. Kukereza ni kuuzungusha mti na kuutegea chuma chenye makali. Chuma kinatulia, mti unazunguka. Chombo cha kuuzungusha kinaitwa kerezo.

Mimi ni seremala kando ya ziwa Tanganika. Mwaka ule baba alipofariki, mdogo wangu alikuwa katika shule ya sekondari, na minervali yake ilikuwa bado kulipwa. Mtu mmoja akaja kuagiza viti 6 vyenye miguu ya kukerezwa. Akaniachia feza ya mbao, akasema, «Nyingine utapata siku ya kuleta viti.» Hesabuni wenyewe: viti 6, kila kimoja miguu 4, ni miguu 24. Karakana moja ya mjini ilikuwa na mashine ya umeme, lakini bei yao ingemeza faida yangu yote. Tena umeme wenyewe ulikuja siku mbili, ukakosa siku nne. Basi nikaanza kutengeneza kerezo langu kwa vitu vilivyokuwa uani.

Kerezo la kamba ni la zamani sana. Huko Misri, ndani ya kaburi la Petosiris, ukutani mna picha iliyochongwa karibu mwaka 300 mbele ya Kristu: mtu mmoja anavuta kamba, mwenzake ameshika chuma. Baadaye, mafundi wa Ulaya walitia fito inayonesa pahali pa yule mvuta kamba, na fundi akaweza kufanya kazi peke yake.

Nilifanya hivi. Nilisimamisha nguzo mbili, nikazifunga kwa mbao mbili ndefu zilizolala sambamba, nafasi ikabaki katikati. Katika nafasi ile niliweka vichwa viwili vya mti mgumu, nikavikaza kwa kabari kutoka chini. Kila kichwa kina msumari mnene wenye ncha, na mti wa kukerezwa unashikwa kati ya ncha hizo mbili. Kamba inaanzia juu, kwenye fito ndefu ya mkaratusi. Inauzunguka mti mara mbili, kisha inashuka mpaka ubao wa kukanyagia. Ukikanyaga, mti unazunguka kuja kwako: kata. Ukiachia, fito inavuta kamba na mti unarudi nyuma: ondoa chuma kidogo, ngoja. Kwa hiyo unakata nusu ya wakati tu. Wenye mashine wanacheka. Wacheke. Ncha zikikauka zinalia kama nguruwe, na tone moja la mawese linazinyamazisha.

Lakini kerezo peke yake halitoshi. Miguu 24 lazima ifanane, na jicho la mtu huchoka. Nilichukua ubao mwembamba, nikapigilia misumari midogo ubavuni, mmoja kwa kila pete. Nikiusogeza ubao ule kwenye mti unaozunguka, kila msumari unaandika mstari wake. Ili kupima unene, nilikata vipande viwili vya bati nene, vimepinda kama pembe za ng'ombe, nikavifunga pamoja kwa msumari mmoja. Simamisha mti kwanza, ndipo upime. Tena mti mrefu mwembamba hucheza katikati, na chuma kinaacha makovu. Dawa yake ni kijiti chenye pengo kama herufi V, kinachouegemeza mti kwa nyuma, na kabari ndogo ya kukikaza.

Sasa chuma chenyewe. Watu wengi huchukua tupa ya zamani, wakainoa. Hilo silipendi hata kidogo. Tupa ni ngumu lakini haina unyumbufu. Fundi mmoja niliyemjua, tupa yake ilikatika mti ukizunguka, na kipande kikampiga chini kidogo ya jicho. Mimi nilitumia springi ya kamyo iliyovunjika. Nilikipasha chuma mpaka kikawa chekundu, nikakipigapiga, nikakinoa, nikakipasha tena, nikakizamisha katika mafuta. Hapo kinakuwa kigumu mno, kinaweza kupasuka kama kioo. Kwa hiyo unakipasha mara nyingine, polepole, hata makali yapate rangi ya majani makavu.

Mti uwe mbichi. Mti mbichi hukatika kama muhogo. Vijiti vya kuunganisha miguu, hivyo nilivikausha sana juu ya jiko, na miguu yenyewe nikaiacha na unyevu kidogo. Mguu unapokauka, tundu linabana kijiti, na kiti hakilegei.

Kwa kusugua nilitumia majani ya msasa. Ndiyo, msasa ni mti kabla ya kuwa karatasi ya dukani. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka.

Siku ya kwanza nilimaliza mguu mmoja na nusu. Juma la pili nilifikia miguu minne kwa siku. Viti vilipelekwa siku ya ahadi, na minervali ikalipwa kabla ya mitihani.

Siku hizi najifunza mabakuli. Huko Uingereza, katika kijiji cha Bucklebury, aliishi fundi George Lailey, aliyefariki mwaka 1958. Alikereza kwa kukanyaga, na kwa vyuma vyake vilivyopinda kama ndoana alitoa katika gogo moja mabakuli kadhaa, moja ndani ya jingine. Kerezo lake limewekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Reading. Mimi, kwa ndoana zangu za springi, nimefika mabakuli mawili. Katikati ya gogo kinabaki kipande kama ngumi ya mtoto. Hicho nakikereza pia, nakitia msumari chini, na watoto wa jirani, ambao walinikanyagia ubao mchana kutwa, wanakwenda nacho kwenye sakafu ya simenti ya duka kukishindanisha.