Sahihi na Kicheko cha Matopeni

Miongoni mwa vitabu vilivyozaliwa na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kimo kimoja ambacho si adimu hata kidogo, nacho papo hapo ni adimu sana. Jina lake ni Up Front, yaani Mstari wa Mbele, kazi ya mchora katuni wa Marekani, Bill Mauldin. Kilitolewa na Henry Holt wa New York mwaka 1945, mwaka ule ule vita vilipokwisha, na kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa kwa wingi mno nchini humo. Nakala zake zilienea majumbani, na hata leo si taabu kuipata moja katika maduka ya vitabu vikuukuu. Lakini nakala ambayo Mauldin mwenyewe aliifungua ukurasa wa mwanzo, akaandika jina lake kwa wino na mkono wake, hiyo ni habari nyingine. Hiyo huwekwa kabatini, huulizwa bei kwa sauti ya chini, na hugombaniwa mnadani.

Lugha ya Kiswahili ina bahati katika jambo hili, kwani neno sahihi hubeba maana mbili kwa pamoja. Sahihi ni jina ambalo mtu huliandika kwa mkono wake ili kulithibitisha jambo. Na sahihi ni jambo lisilo kosa wala uongo ndani yake. Mkusanyaji wa vitabu huitafuta maana ya kwanza. Askari waliokipokea kitabu hiki wakiwa hawajavua sare zao, wao waliitafuta ya pili.

Mauldin alizaliwa mwaka 1921 katika jimbo la New Mexico. Baba yake alikuwa mpiga mizinga katika vita vya kwanza, na mwana akajifunza kuchora huko Chicago kwa muda mfupi kabla ya kuingia jeshini mwaka 1940. Alikuwa askari wa miguu katika Divisheni ya 45, akichorea gazeti la divisheni hiyo. Julai 1943 alishuka pamoja nayo katika kisiwa cha Sicily, kisha akavuka kuingia Italia bara, ambako kipande cha kombora kilimjeruhi begani. Mwaka uliofuata alihamishiwa Stars and Stripes, gazeti la wanajeshi wa Marekani, akapewa gari dogo la kijeshi aina ya Jeep. Alikwenda nalo mstari wa mbele kuokota habari, kisha akarudi nyuma kuzichora kwa brashi na wino mzito mweusi.

Watu wake wakuu ni wawili: Willie na Joe. Hawana umbo la shujaa. Ndevu zao hazijanyolewa kwa siku nyingi, mabega yameinama, nguo zimelowa, na macho ni ya mtu ambaye amesahau usingizi mzuma unavyokuwa. Adui haonekani sana katika michoro hiyo. Kinachoonekana ni mvua, tope, mlima, buti na handaki. Katika mojawapo ya katuni zinazopendwa mno, Willie anamkumbusha mwenzake kwamba jana alimwokoa roho, na kwamba aliapa kumlipa. Malipo yenyewe ni jozi yake ya mwisho ya soksi kavu. Raia aliyeketi barazani kwake huweza kucheka akapita. Askari aliyekaa Italia majira ya baridi ya 1943 na 1944, akawaona wenzake wakiharibikiwa na nyayo kwa kukaa majini siku nzima, alijua kuwa malipo yale hayakuwa kidogo. Hakika yalikuwa karibu sawa na deni.

Katika nyingine, Willie yuko mbele ya tabibu wa jeshi anayetaka kumpa nishani ya majeruhi. Yeye anaomba vidonge vya maumivu tu, maana nishani anayo tayari. Na katika nyingine, isiyo na neno hata moja, askari mkongwe wa kikosi cha farasi amesimama mbele ya gari lake lililoharibika. Ameziba macho kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameielekeza bastola kwenye injini, kama amwondoleaye taabu farasi aliyevunjika mguu. Kicheko kinakuja kwanza. Huruma inafuata nyuma yake, nayo haiondoki upesi.

Wahenga wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ingeweza kuandikwa juu ya lango la kitabu kizima, kwani mzaha wa Mauldin uliwaelekea zaidi wale walioamuru vitanda wasivyovilalia. Maofisa wawili wanasimama mlimani wakiyatazama mandhari mazuri ya machweo, na mmoja anauliza kama kuna mandhari ya namna hiyo kwa ajili ya askari wa kawaida pia. Jenerali George Patton, aliyependa askari walionyoa ndevu na kufunga vifungo vyote, hakuyastahimili hayo. Machi 1945 sajenti huyo kijana aliitwa Luxembourg kukabiliana na jenerali, akakaripiwa kwamba michoro yake inavunja nidhamu. Hakuacha kuchora. Makao makuu ya Eisenhower yalikwisha kuona kwamba askari anayecheka juu ya taabu yake ana pumzi ya kuibeba, na gazeti liliachiwa uhuru wake.

Mwaka huo huo wa 1945 Mauldin alipewa tuzo ya Pulitzer, naye ana umri wa miaka 23. Katuni iliyotajwa katika tuzo hiyo inastahili kutazamwa kwa utulivu. Maneno ya chini yake yameigiza lugha ya kujigamba ya taarifa za vita, yakieleza habari za washindi wenye ari wakiwaleta mateka wachovu. Juu ya maneno hayo, watu wanatembea mvuani. Wote wameinama, wote wamelowa, wote wamechoka, na jicho linahangaika kumtenga mshindi na mshindwa. Hapo ndipo mkono wa mchoraji ulipoisahihisha taarifa rasmi, bila ya kuongeza neno lake hata moja. Vita havina macho, husemwa. Lakini katuni ile ilikuwa nayo.

Inasimuliwa kwamba alikusudia kuwaua Willie na Joe siku ya mwisho ya mapigano, kwa kombora moja, ndani ya handaki moja, kama walivyouawa askari wengi wa kweli aliowafahamu. Wahariri wake walikataa, na wawili hao wakaishi. Yaelekea wahariri walikuwa na haki, kwani kina mama na wake waliokuwa wakingoja barua wasingeweza kulivumilia kaburi jingine, hata la wino. Lakini kusudio lile linaonyesha jinsi alivyoelewa kazi yake. Hakuwaona kuwa vikaragosi vya kuchekesha. Aliwaona kuwa watu ambao kifo kilikuwa na haki kwao kama kwa wengine.

Kwa hiyo, sahihi ya wino inaongeza nini? Kila katuni ndani ya kitabu ina jina la Mauldin pembeni, limechapwa pamoja na mchoro, na katuni hizo ni zaidi ya 100. Kwa hesabu hiyo, hata nakala ya bei rahisi kabisa imejaa majina yake. Lakini jina lililochapwa husema tu kwamba kazi hii ni ya fulani. Jina lililoandikwa kwa mkono husema kwamba kitabu hiki, hiki kilichomo mikononi mwako, kilipita mikononi mwake. Ni ushahidi wa kukutana. Ndiyo maana wakusanyaji hupambanua sahihi tupu na ile iliyoambatana na maneno ya kumtunukia mtu, na hufurahi zaidi wakikuta kichwa cha Willie au Joe kimechorwa kando ya jina. Vilivyo adimu kwa namna yao vilevile ni vile vijitabu vyake vya awali vilivyopigwa chapa Italia kwenyewe, vita vikiendelea, kama vile Mud, Mules and Mountains cha 1944. Vijitabu hivyo vya karatasi dhaifu vilitengenezwa kwa ajili ya mifuko ya askari, na mifuko ya askari si maktaba.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuyapitia haya bila ya kuyakumbuka matope mengine ya mwaka huo huo. Mwaka 1944, katika mvua za masika ya Asia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikisonga mbele katika bonde la Kabaw nchini Burma, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za askari wake. Wengine hawakufika hata huko. Februari mwaka huo meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Vita hivyo havikukosa malenga kwetu. Shaaban Robert aliviandikia Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapwa mwaka 1967, maelfu ya beti za kuukusanya mgogoro wa dunia nzima ndani ya bahari ya utenzi. Ni kazi inayotazama kwa mbali na kwa mapana, kama yapasavyo utenzi. Ila askari wa Kabaw aliyekuwa akikamua soksi zake, akimtania mwenziwe kwa lugha tunayoisoma hapa, hakupata Willie wake wa kudumu katika kitabu cha kuwekwa kabatini. Mzaha wake uliishia masikioni mwa waliokuwa naye, na wengi wao sasa hawapo. Asiyekuwepo na lake halipo: methali hii huumiza inapowahusu watu waliokuwepo kwelikweli.

Mauldin aliendelea kuchora kwa miongo mingi baada ya vita, akapata Pulitzer ya pili mwaka 1959. Katika mwaka 2002 alikuwa amelazwa katika nyumba ya kutunzia wazee huko California, na maradhi ya usahaulifu yalikuwa yamemwondolea sehemu kubwa ya aliyoyajua. Habari zilipoenea kupitia magazeti, wazee waliokuwa vijana wa mahandaki ya Italia na Ufaransa walianza kumwandikia. Barua zilifika kwa maelfu. Wengine walikuja wenyewe, wakaketi kando ya kitanda, wakamsimulia vita ambavyo aliwahi kuwachorea.

Wengi wao hawakuwahi kuonana naye kabla, wala hawakuwa na nakala iliyotiwa wino wake. Walichokuwa nacho ni kumbukumbu ya asubuhi fulani ya baridi, gazeti lililolowa, na kicheko ambacho kiliwafikisha jioni. Safari hii wao ndio walioandika majina yao chini ya karatasi, barua kwa barua, wakimthibitishia mtu aliyekwisha kusahau kwamba aliyoyachora yalikuwa sahihi. Alifariki tarehe 22 Januari 2003, akazikwa Arlington, katika makaburi ya wanajeshi.